Kufundisha Uunganishaji wa Akaunti za Mtandao na Watumiaji wa Programu

Mwanafunzi aambiwapo kwamba karani wa ofisi moja ya Posta, Dar es Salaam, huandika nenosiri mara moja asubuhi na programu zote zikamfungukia, hudhani nenosiri hilo limesambazwa kila mahali. Dhana hii haina budi kung'olewa kwanza.

Mfano wa kuanzia uko Kariakoo. Tangu tarehe 1 Mei 2019, anayesajili laini ya simu hutoa namba ya kitambulisho cha Taifa, yenye tarakimu 20, na kuweka kidole. Kampuni ya simu huiuliza NIDA. Ikikubaliwa, huiunganisha laini na namba hiyo. Lakini NIDA haimpi mtu muda wa maongezi. Kumtambua mtu ni kazi moja, kumpa haki ni nyingine.

Kisha darasa lipange meza tatu. Ya kwanza ni kikoa cha mtandao, yaani mahali akaunti zote za ofisi zinaposimamiwa. Hapa tu ndipo mwanafunzi anaponong'ona nenosiri lake, akapewa tiketi iliyoandikwa saa. Meza ya mishahara na ya maktaba hupokea tiketi, zikatazama daftari: akaunti hii ya kikoa ni mtumiaji yupi kwetu, na anaruhusiwa kazi gani? Hivyo ndivyo Kerberos ifanyavyo kazi, utaratibu uliobuniwa MIT, Marekani, miaka ya 1980, na kutumiwa na Active Directory tangu Windows 2000. Kwa kawaida tiketi hudumu saa 10, na saa za kompyuta zikipishana zaidi ya dakika 5 hukataliwa. (Wanafunzi hupenda mno kukataa tiketi, waachwe kidogo.)

Sasa mwalimu alete tatizo. Mwenye akaunti "ajuma" ameacha kazi, na mgeni amepewa jina lilo hilo. Daftari likiwa limeandikwa majina, mgeni atajikuta ndani ya mishahara, kwa haki za mtu mwingine. Kwa sababu hiyo Active Directory huipa kila akaunti namba ya SID, isiyobadilika jina libadilikapo, wala haipewi akaunti nyingine. Daftari liandikwe namba hiyo.

Limebaki jambo linalosahauliwa mara nyingi. Akaunti ya kikoa ikifungwa, aliyeondoka aweza bado kuwa na nenosiri la zamani la programu yenyewe, la siku za kabla ya kuunganisha. Mwanafunzi mmoja apite mlango huo machoni pa wenzake, kisha meza ya mishahara ilifute nenosiri hilo.