Sikio Linavuma? Liulize Taya na Shingo

Nyumba kimya, redio imezimwa, lakini sikio bado linalia "wiii". Ukibana meno, sauti inapanda. Ukigeuza shingo, inabadilika. Usiogope, akili yako ni nzima! Mishipa ya fahamu ya taya na shingo hupeleka habari zake kwenye shina la ubongo, palepale sauti za sikioni zinapopitia. Dkt. Robert Levine wa Boston alilieleza jambo hili mwaka 1999. Na hapo ndipo penye matumaini, maana taya na shingo unaweza kuvihudumia mwenyewe.

1. Jipime sasa hivi
Kaa mahali patulivu. Bana meno, achia. Sogeza taya mbele, kisha kushoto na kulia. Geuza kichwa polepole, huku na huku. Sukuma paji la uso kwa kiganja, kichwa kikaze kisirudi nyuma. Mlio umebadilika? Andika ni mwendo gani ulioubadilisha. Wengi wenye mvumo hupata hivyo, hata kama chanzo ni kelele za mashine au umri, kwa hiyo usijitangazie ugonjwa. Shuku taya au shingo zaidi kama mvumo ulianza pamoja na maumivu yake, au hupanda na kushuka nayo.

2. Midomo ifungwe, meno yaachane
Meno ya juu na ya chini hukutana wakati wa kutafuna na kumeza, basi. Jikague kila simu inapoita: umeyabana? Achia! Ukiamka taya limechoka, huenda unasaga meno usingizini. Daktari wa meno anaweza kukutengenezea kinga ya kuvaa usiku.

3. Taya nalo lipate likizo
Wiki hii bablishi, miwa na mahindi ya kuchoma yasubiri. Miraa pia, ndugu yangu.

4. Simu ipande, shingo isishuke
Inyanyue hadi usawa wa macho. Mabega yashushe, pumua.

5. Hapa usijitibu
Mvumo unaodunda pamoja na moyo, au wa sikio moja tu, unataka daktari wa masikio, pua na koo. Usikivu ukipotea ghafla, nenda siku hiyohiyo, kwani tiba hufaa zaidi ikiwahi. Ukifika, mwambie hata asipouliza: "Daktari, nikisogeza taya, mlio unabadilika."