Dondoo muhimu: Gari la zamani linapokata mafuta njiani

Gari la kabureta, tuseme Peugeot 504, likizima mlimani kisha likawaka baada ya kupumzika, usikimbilie kununua pampu. Hakikisha kwanza kosa ni la mafuta. Likiwa bado limezima, fungua chujio la hewa, chungulia kabureta na uvute waya wa aksileta kwa mkono. Petroli ikiruka ndani, mafuta yapo, geukia umeme. Koili mbovu hukata moto ikipata joto na kuurudisha ikipoa, na hapo ndipo mafundi wengi hupotea.

Ndani ya kabureta pakiwa pakavu, legeza mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa ikifyonzwa kwa nguvu, kisha gari likaenda vizuri, tundu la kupumulia limeziba. Jaribio hili halina gharama, basi lianze.

Tangi lenye kutu ni kesi nyingine. Uchafu huvutwa hadi mdomo wa bomba la mafuta gari likiwa mwendoni, ukazama likizimwa. Chujio jipya la mafuta halitaponya hilo. Tangi lishushwe lioshwe.

Mpira wa mafuta uliopasuka kabla ya pampu huingiza hewa bila kudondosha hata tone. Ukiwa mkongwe, ubadilishe tu.

Pampu ije mwisho: chomoa waya wa koili, elekeza mpira wa kabureta ndani ya chupa, mwenzako apige stata. Petroli itoke kwa mapigo ya nguvu. Fanya hivyo nje, injini imepoa, kizimamoto kando, na mvuta sigara akae mbali.