Tuyapime Maneno ya Hoja

Si kila neno tamu ni kweli, wala si kila neno chungu ni uongo. Yatupasa kuyapima yote. Somo letu latoka katika jambo la mwaka 2021.

Tarehe 15 Julai mwaka ule serikali ilianza kutoza fedha zilizotumwa au kutolewa kwa simu, toka shilingi 10 hata 10,000 kwa muamala mmoja, kwa kadiri ya fedha zenyewe. Kwenye vibanda vya mawakala, toka Mbagala hata Mwananyamala, watu walibishana sana. Mwezi wa Septemba viwango vilipunguzwa kwa asilimia 30. Basi, na tuangalie jinsi walivyojenga hoja zao.

Kwanza, jina. Wengine waliiita tozo ya mshikamano, wengine ya uzalendo. Jina la namna hii hutangulia kuhukumu: mwenye kuuliza swali huonekana haipendi nchi yake, kabla swali halijajibiwa.

Pili, neno “kwa hiyo.” Mtu husema: Vijiji vyahitaji vituo vya afya, kwa hiyo tozo hii ni ya haki. Neno la kwanza ni kweli, nalo hutuvuta tulikubali la pili pasipo kulichungua. Lakini wema wa kusudi hauthibitishi wema wa njia. Yabaki kuuliza: Ni nani alipaye? Tozo ilihesabu fedha zilizopita, si faida ya mtu. Mjane aliyempelekea mama yake fedha ya unga alitozwa, ingawa hakupata faida yo yote.

Tatu, wapingao nao hukosea vivyo hivyo. Mwingine husema: Tozo ni nzito, kwa hiyo wakubwa wanawachukia maskini. Uzito wa mzigo waonekana. Moyo wa mtu hauonekani. Hapo Amri ya Nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo, hata akiwa ni mtawala.

Walimu, wafundisheni wanafunzi wenu kuuliza hivi: Jina hili limeficha nini? Je, la pili latoka kweli katika la kwanza? Upande wa pili umesikiwa? Wasome Mithali 18:17, kisha wachukue hoja moja waliyoisikia juma hili, ile waipendayo wenyewe, waipime kwanza hiyo. Mungu atujalie ulimi wa kweli na sikio la haki.