Alimtaka kwanza ndipo amwandikishe

SWALI: Nafanya mafunzo kwa vitendo katika shirika la misaada, Bukoba na Muleba. Mama mmoja amenidokeza kuwa mwandikishaji alimtaka kimapenzi ndipo jina lake liingie kwenye orodha ya misaada. Nimhoji zaidi?

JIBU: Usimhoji, wala usimkabili mtuhumiwa. Msikilize, mweleze utamwambia nani, kisha ripoti siku hiyo hiyo kwa msimamizi wa ulinzi wa shirika. Waraka wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa 2003 unataka hata shaka iripotiwe. Usijione mdogo wa kuripoti, wala usidhani jambo hili halitokei: wakati wa Ebola mashariki mwa Kongo, 2018 hadi 2020, wanawake waliombwa ngono na wafanyakazi wa misaada ili wapewe kazi. Ikiwa alibakwa, msindikize hospitali upesi, akikubali kwenda. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72.