Kijana Asiye na Shilingi Mfukoni: Tusome Pamoja Mathayo 20:1-16



Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Matokeo hutoka Januari, na wanaochaguliwa kwenda kidato cha tano huripoti shuleni kama mwezi Julai. Kijana wa miaka kumi na saba hukaa nyumbani zaidi ya nusu mwaka: shule moja ameiaga, nyingine haijamwita. Ada ya shule za serikali iliondolewa mwaka 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 kwa cha tano na cha sita. Tunashukuru. Lakini godoro, sanduku la bati, nauli, sabuni na vocha bado vinamsubiri, na nyumbani anajibiwa kwamba hela hakuna. Huku kwetu Shinyanga na Geita kila mtu anajua anakoishia kutazama: machimboni.

Sasa tufungue Injili. Mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kutafuta vibarua, anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na hatimaye saa kumi na moja. (Saa hizi ni kama tunavyozihesabu wenyewe kwa Kiswahili, jua limebakiza saa moja tu kuzama.) Bado anawakuta watu wamesimama sokoni. Anawauliza sababu, nao wanamwambia kwamba hawakupata wa kuwaajiri. Tuangalie asichofanya: hawaiti wavivu, wala hawahubirii. Anaamini jibu lao, anawapa kazi, na jioni anawalipa.

Sisi tunapomwona kijana amekaa kijiweni tunawahi kumtajia Mtakatifu Paulo: asiyefanya kazi asile. Waraka wa pili kwa Wathesalonike, sura ya 3, hausemi hivyo. Paulo anamsema mtu asiyetaka kufanya kazi. Aliyekosa kazi hakutajwa pale. Neno hilo moja tukiliruka, tunamhukumu kijana kwa kosa ambalo hakulitenda.

Tena, mara nyingi huyo kijana hana hata nafasi ya kuwa mvivu. Miezi anayokaa nyumbani ndiyo miezi yetu ya kilimo. Analima mpunga na pamba ya familia, anapalilia, anavuna, anachunga ng'ombe. Mavuno yakiuzwa, baba anapanga matumizi, na aliyeshika jembe hapati hata hela ya kandambili. Tunaita hayo malezi, na kwa sehemu ni kweli. Hatusemi kila mzazi amwandikie mwanawe mshahara. Lakini Kumbukumbu la Torati 24:15 linataka kibarua alipwe kabla jua halijazama, na inatuuma kuona kwamba mwaloni, kule wanakooshea dhahabu, kijana anaweza kurudi jioni na noti mkononi. Mwalo unatimiza agizo hilo haraka kuliko sisi.

Noti hiyo ina gharama yake. Mawe yakishasagwa kwenye karasha na kuoshwa, mchanga wenye dhahabu huchanganywa na zebaki, mara nyingi kwa mikono mitupu, kisha huchomwa motoni. Zebaki hugeuka mvuke, na anayeuvuta huumia ubongo na mishipa ya fahamu. Mwili unaoendelea kukua huumia zaidi. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa kuhusu watoto katika machimbo madogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, wengine wakiwa na umri wa miaka minane. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, ila machimbo imeyakataza kwa yeyote aliye chini ya miaka 18. Binti naye haingii duarani, lakini huosha vyombo kwa mama lishe pembeni mwa machimbo, na wapo wanaume wenye hela ya jana wanaojua kabisa kwamba hana hela ya taulo za kike. Kwa upole wote tunasema: hapo ndipo umaskini wa binti unapowindwa.

Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alionya kwamba watoto wasipelekwe viwandani kabla miili na akili zao hazijakomaa. Katika onyo hilo la watoto machimbo hakuyataja kwa jina, ila tungejidanganya kudhani halifiki Nyarugusu au Rwamgasa.

Na parokiani je? Kila kikundi cha vijana kina mchango, sare na nauli ya kongamano. Asiye navyo haji kutueleza; anaacha tu kuja. Wengine hubaki nje wakati wa sadaka, kisha tunawaona watoro.

Kwa hiyo wiki hii, jumuiyani, tusianze na maombi ya jumla kwa ajili ya vijana. Tuwataje kwa majina waliomaliza kidato cha nne katika kaya zetu. Nani kati yetu ana kazi nyepesi ya kulipia: kupaka rangi, kuhesabu bidhaa dukani, kumsomesha mtoto wa darasa la nne hesabu? Baba na mama wenye mpunga shambani, je, mnaweza kumtengea kijana gunia moja, liuzwe, naye apange mwenyewe matumizi yake? Na sisi waseminari tulio likizo tuwatembelee kijiweni. Tukae na kusikiliza kwanza, maana wengine wao tulisoma nao darasa moja.