Jinsi ya kuelewa kisicho na mwisho katika hesabu

Muulize mwanafunzi wa sekondari hapa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kisicho na mwisho ni nini, na mara nyingi atakujibu kwamba ni namba kubwa kupita zote. Jibu hilo liondoe kwanza, maana likibaki kichwani mengine hayataingia. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu kati ya 10,000 na 12,000, na leo wamepita 50,000. Ni wengi kupita kiasi kwa eneo hili, lakini wanahesabika: ukiyaandika majina yao, utafika jina la mwisho. Orodha ya 1, 2, 3, 4 na kuendelea haina namba ya mwisho. Taja namba yoyote, mwenzako ataongeza moja. Kwa hiyo usitafute namba. Fikiria orodha isiyokoma.

Sasa chukua penseli. Barabara ya kutoka hapa hadi Lilongwe tuihesabu kuwa kilomita 48, ili igawanyike vizuri. Tembea nusu yake, 24. Kisha nusu ya iliyobaki, 12. Halafu 6, 3, 1.5, 0.75. Mwanafalsafa Mgiriki Zeno wa Elea alisumbua watu na jambo hili karne ya 5 kabla ya Kristo: hatua haziishi, basi msafiri atafikaje? Usibishane naye kwa maneno, jumlisha. Hatua sita zinakupa 47.25, na kilichobaki ni 0.75, sawasawa na hatua uliyomaliza sasa hivi. Ni hivyo kila mara. Baada ya hatua 10 zimebaki mita 47 hivi, na ukiendelea utashuka chini ya sentimita, chini ya unywele. Hatua hazina mwisho, lakini jumla yake haivuki 48, na hakuna namba iliyo chini ya 48 inayoweza kuizuia. Ndiyo maana tunasema jumla ni 48. Aliyeelewa hapo hatashangaa kuambiwa 0.999… ni sawa na 1.

Linalofuata ni gumu zaidi, nalo linataka utulivu. Mwalimu wa chekechea akiona kila mtoto amekaa na hakuna kiti kitupu, anajua watoto na viti ni sawa bila kuhesabu. Fanya vivyo hivyo kwa namba: 1 ipe 2, 2 ipe 4, 3 ipe 6. Kila namba inapata mwenzake wa shufwa, na hakuna shufwa inayokosa mwenzake. Basi namba shufwa ni nyingi sawa na namba zote! Wanafunzi hukataa, nao wana haki ya kushtuka. Galileo mwenyewe aliliandika fumbo la namna hii mwaka 1638 akaliacha hapo. Mwanahisabati Georg Cantor ndiye aliyeamua kuufuata upangaji wa jozi hadi mwisho.

Mwaka 1891 alionyesha kwamba visivyo na mwisho havilingani vyote. Andika safu za 0 na 1, kila moja ikiendelea bila kukoma. Ya kwanza ianze 0101, ya pili 1100, ya tatu 0001, ya nne 1011. Zungushia tarakimu ya kwanza ya safu ya kwanza, ya pili ya safu ya pili, uteremke hivyo mshazari: 0, 1, 0, 1. Zigeuze: 1, 0, 1, 0. Safu hii mpya inatofautiana na kila safu ya orodha angalau mahali pamoja, basi haimo. Orodha iwe ndefu upendavyo, hata isiyo na mwisho, daima kuna safu iliyoachwa nje.

Onyo moja la mtihani: usiandike kwamba kisicho na mwisho ukikigawa kwa chenyewe unapata 1. Si namba, hakigawanywi hivyo. Weka 10, 100, 1,000 mahali pa herufi iliyo kwenye swali, kama x, uone jibu linaelekea wapi.

Shuleni mtoto atayasoma haya kwa Kiingereza. Wewe kaka au dada unayemsaidia jioni, mweleze kwanza kwa Kiswahili, kisha mwachie penseli atengeneze orodha yake mwenyewe, umwombe akutafutie safu ambayo haimo.