TUVUNJE TABAKA GUMU LA UDONGO

Mara nyingi mahindi yetu hunyauka siku chache tu baada ya mvua kukatika. Tunasema mvua haikutosha. Pengine ni kweli. Lakini pengine mvua ilinyesha ya kutosha, ila maji yalikosa njia ya kushuka chini. Yakakimbilia korongoni pamoja na udongo wetu mzuri. Kilichoyazuia ni tabaka gumu lililojificha chini ya shamba.

Leo tutajifunza kulitambua tabaka hilo, kutengeneza sabsoila kuukuu, na kuitumia kwa faida. Sabsoila ni jembe la trekta lenye mguu mrefu wa chuma, mmoja au zaidi. Haipindui udongo kama plau. Inaupasua chini kwa chini.

TABAKA GUMU LINATOKA WAPI?

Plau la sahani hulima kina kile kile kila mwaka, kama sentimita 15 mpaka 20. Sahani zinakandamiza udongo ulio chini yake. Magurudumu ya trekta yanaushindilia. Ng'ombe wakichungwa shambani udongo ukiwa umelowa, nao wanaushindilia. Miaka ikipita, chini panakuwa kama sakafu. Tatizo hili linajulikana sana kwenye mashamba ya Babati na Karatu, ambako matrekta yamelima kwa miaka mingi. Hata jembe la mkono, likilima juu juu kila mwaka, linaweza kuleta tabaka la namna hiyo.

TUPIME KWANZA

Kukodi trekta ni gharama. Tusilipe kabla ya kuangalia. Wakati wa masika, siku mbili tatu baada ya mvua kubwa, tuchimbe mashimo matatu sehemu mbalimbali za shamba. Kila shimo liwe na kina cha sentimita 60. Tusipime wakati wa kiangazi, maana udongo mkavu wote huonekana mgumu.

Chomeka kisu ubavuni mwa shimo, ukianzia juu na kushuka kidogo kidogo. Kisu kinapogoma, hapo tabaka linaanza. Kinapoingia tena kwa urahisi, hapo linaishia. Pima kwa rula na uandike kwenye daftari. Halafu angalia mizizi. Ikifika mahali ikapinda na kutambaa pembeni, basi imekutana na sakafu. Kama kisu kinaingia vizuri mpaka chini, sabsoila haihitajiki. Fedha zako zifanye kazi nyingine.

Angalizo: tusivunje tabaka hili kwenye majaruba ya mpunga. Huko ndilo linaloshika maji.

KUTENGENEZA SABSOILA KUUKUU

Ukiona sabsoila imelala nyuma ya ghala, usiseme ni chuma chakavu. Mara nyingi mguu na fremu bado ni vizima. Vilivyoisha ni vitu vidogo.

1. Iweke juu ya magogo imara. Usiingie chini ya jembe lililoshikiliwa na mikono ya trekta peke yake. Mpira wa haidroliki ukipasuka, jembe linashuka bila kupiga hodi.

2. Sugua kutu kwa brashi ya waya. Nati zilizogoma zimwagie dizeli, uziache usiku kucha.

3. Kagua nyufa, hasa pale chuma kilipochomelewa. Mguu uliopinda usiupige nyundo. Upeleke kwa fundi.

4. Tazama ncha. Hiyo ndiyo inayotangulia kupasua. Ikiisha, jembe halishuki vizuri, na mguu wenyewe unaanza kulika. Nunua ncha mpya, au fundi wa kuchomelea aongeze chuma kigumu, kama kipande cha springi ya lori. Chuma hicho kipashwe moto kabla ya kuchomelewa, kisha kipoe polepole. Kikimwagiwa maji kinaweza kupasuka. Ncha ielekee mbele na chini kama ilivyokuwa mwanzo.

5. Weka bolti ya usalama iliyo sahihi. Bolti hii imewekwa ili ikatike. Mguu ukigonga mwamba au kisiki, bolti inakatika, mguu unarudi nyuma, na jembe linapona. Wengine huchoka kubadili bolti, wakaweka iliyo ngumu zaidi. Kumbe wameondoa kinga. Siku ya mwamba, kitakachovunjika ni mguu au fremu, na bei yake siyo ya bolti.

KAZI SHAMBANI

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini kwa kazi hii lazima tuchague jembe, na siku pia.

Siku nzuri ni mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua, udongo ukiwa mkavu. Chimba mpaka kwenye tabaka, chukua udongo, uufinyange kama kamba. Ukikubali kuwa kamba, subiri. Udongo mbichi haupasuki. Mguu unapita kama kisu kwenye ugali, na kuta za mfereji zinazidi kukandamizwa. Utakuwa umelipa ili shamba liharibike.

Udongo mkavu, kinyume chake, unavunjika pande zote mbili za mguu. Tabaka likiishia sentimita 25, tegesha mguu ushuke sentimita 30. Kwenda chini zaidi ni kuchoma dizeli bure. Kila mguu huweza kuhitaji nguvu ya farasi 30 mpaka 50, kutegemea udongo na kina. Mwendo uwe kama wa mtu anayetembea, kilomita 4 hivi kwa saa. Kwenye mteremko, pasua kwa kukingama, usishuke nao. Mstari unaoshuka utakuwa korongo. Inua jembe kabla ya kukata kona. Ukimaliza mstari wa kwanza, simama uchimbe uone kama tabaka limevunjika kweli.

Asipande mtu juu ya jembe eti kuongeza uzito. Trekta likikwama, lisivutwe kwa mnyororo uliofungwa juu ya ekseli yake ya nyuma. Kamwe! Trekta linaweza kuinuka mbele na kupinduka juu ya dereva. Linapinduka haraka kuliko mtu anavyoweza kuruka.

TUSIJENGE SAKAFU UPYA

Kuvunja ni nusu ya kazi. Tukirudisha plau la sahani na ng'ombe, tabaka litarudi, pengine baada ya misimu michache tu. Kwa hiyo tupande kwenye mistari ile ile iliyopasuliwa, na magurudumu yapite katikati ya mistari. Tuache mabua shambani yafunike udongo. Tuchanganye mahindi na mbaazi, maana mizizi ya mbaazi hushuka chini sana na kuweka njia ya maji. Tukubaliane na wafugaji, ambao pengine ni sisi wenyewe, kwamba mifugo isiingie shamba likiwa limelowa. Kabla ya kukodi sabsoila tena, tuchimbe mashimo tena.

HESABU

Shamba lina urefu wa meta 100 na upana wa meta 40, karibu eka moja. Mistari inaachana sentimita 80. Je, ni mistari mingapi? Ni 50. Sabsoila ya mguu mmoja itakwenda meta 5,000, yaani kilomita 5. Kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa, itachukua saa 1 na dakika 15, mbali na muda wa kugeuza. Fanya hesabu ya shamba lako kabla ya kupatana bei.

TUJADILI

1. Kwa nini tunapima wakati wa masika, lakini tunapasua wakati wa kiangazi?
2. Bolti ya usalama ina kazi gani?
3. Katika kijiji chetu, ni nani atakayechimba shimo la kwanza, na lini?